Mtoto kuitwa nyani shuleni Marekani: mzazi aende, au awaachie walimu?

Dada, nimesoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wadau. Kwa kifupi unasema binti yako wa darasa la sita huko Texas ameitwa nyani kwenye basi la shule, mwalimu kamwambia awapuuze, na baba yake hataki uende kwa sababu utaonekana mkorofi na makaratasi yenu ya uhamiaji bado hayajakaa sawa. Kuna waliokushauri umhamishe shule. Mimi nakaa kandokando ya Houston na watoto wangu wamesoma shule za umma hapa. Nenda. Ila kabla ya kwenda, andika.

Baba yake namwelewa. Tulikokulia sisi, mzazi akiitwa shule basi mtoto kavunja kioo au kuna mchango haujalipwa. Ukishamkabidhi mtoto kwa mwalimu umemkabidhi, na mzazi wa kujitokezajitokeza ofisini anaonekana anamfundisha mwalimu kazi. Huku heshima hiyo hawaioni. Mzazi asiyeonekana wanajua hatauliza kitu, kwa hiyo jambo la mtoto wake linamalizwa kwa namna iliyo nyepesi kwa shule.

Kwangu ilikuwa hivi. Kijana wangu alipokuwa darasa la saba kuna mwenzake alikuwa akimpigia milio ya nyani kila wakipishana kwenye korido. Akamwambia mwalimu, mwalimu akasema atafuatilia. Kimya. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akamsukuma yule mtoto akajigonga kwenye kabati. Jioni napigiwa simu: mwanao kapigana, atatengwa chumba cha adhabu. Nikaomba taarifa ya maandishi. Ikaja mistari michache, kwamba wanafunzi wawili walisukumana kwenye korido. Milio haimo. Mwalimu kuambiwa hamna. Kwa hiyo kwenye faili mwanangu ni mgomvi na yule mwingine ni aliyesukumwa, na faili ndilo litakalomtangulia kwa walimu wa mwaka unaofuata.

Wala usidhani ni bahati mbaya ya shule moja. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2017-18 zilionyesha wanafunzi weusi walikuwa kama asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini kati ya waliosimamishwa masomo walikuwa asilimia 38. Mengi ya hayo yanaanzia kwenye taarifa fupi kama ile, iliyoandikwa na mtu aliyeona mwisho wa ugomvi tu.

Usiku ule nilimwandikia mwalimu mkuu barua pepe, nakala ofisi ya wilaya ya shule, yaani chombo kinachosimamia shule za umma za eneo letu. Sikuwaita wabaguzi, maana ukianza hivyo wataanza kujitetea na mtoto atasahaulika. Niliweka tarehe kadiri mtoto alivyokumbuka, mahali, waliokuwepo, mwalimu aliyeambiwa, na maneno yenyewe bila kuyapaka sukari. Nikaomba kuona kila karatasi inayomhusu mwanangu, haki ambayo sheria ya elimu ya Texas inampa mzazi katika sura ya 26. Nikataja na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya sita, inayokataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtoto kwa rangi yake au asili yake. Shule ikijua kwamba mtoto ananyanyaswa kwa rangi yake ikakaa tu, inaweza kuwajibishwa kwa sheria hiyohiyo. Asubuhi simu ilikuwa ya adabu kuliko ile ya jana yake. Taarifa hawakuifuta, ila maelezo yangu yaliambatanishwa humo, na korido ile ikawekewa mtu mzima wakati wa kubadilisha vipindi.

Jambo moja wazazi wengi hawaambiwi: usiende kuuliza yule mtoto mwingine kapewa adhabu gani. Sheria ya faragha ya wanafunzi inawazuia kukwambia, na mkutano wote utaishia kwenye "hatuwezi kulizungumzia hilo". Uliza wewe: binti yangu atakaa kiti gani kwenye basi, dereva ameambiwa nini, akiitwa tena amwambie nani, na huyo mtu atanipigia lini?

Sasa shule yenyewe ifanye nini? Kwa maoni yangu kikubwa ni mtu mzima aliyepo kusema palepale, mbele ya waliosikia, kwamba neno hilo hapa halisemwi, na aandike kwamba limesemwa. Huyo mwalimu wa "wapuuze" amemwachia mtoto wa miaka kumi na moja kazi ya mtu mzima. Kibaya zaidi ni ule mtindo wa kuwashikisha watoto mikono waombane radhi darasani, eti yaishe. Aliyetukanwa analazimishwa kutabasamu mbele ya waliomcheka. Mabango ya Martin Luther King ya kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, sina ugomvi nayo, ila hayajawahi kusimamisha basi. Utasikia pia walimu wakisema sheria ya Texas ya 2021 imewafunga midomo. Ile inahusu namna ya kufundisha mambo ya ubaguzi na siasa zenye mabishano darasani. Haimkatazi mwalimu kumkemea mtoto anayemwita mwenzake nyani, usikubali kisingizio hicho.

Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani mapema, kwa maandishi. Ni wajibu wao na hulipi. Usimtumie mtoto. Niliwahi kukaa kikao kimoja na mama wa Kikongo, anaongea Kiswahili cha Bukavu, machozi yanamtoka, ameeleza kirefu jinsi binti yake anavyoamka usiku. Binti mwenyewe ndiye mkalimani. Akamgeukia mwalimu akasema kwa Kiingereza, "Mama anasema asante, anaomba mnisaidie." Nikaomba ruhusa ya yule mama, nikatafsiri upya yote.

Kuna hili pia, na najua nitarushiwa mawe. Humu ndani ya nyumba zetu tunawaambia watoto wasijichanganye na Wamarekani weusi, eti wavivu, eti wahuni. Msomali tunamsema, Mmexico tunamsema, mezani, watoto wanasikia. Halafu mtoto akiguswa tunakimbilia sheria ya 1964, iliyopatikana kwa damu ya hao hao tunaowasema. Mtoto aliyelishwa hayo nyumbani ataitoa wapi nguvu ya kumtetea mwenzake kwenye basi? Mimi msaada wa kwanza niliupata kwa bibi mmoja Mmarekani mweusi kwenye chama cha wazazi na walimu. Ndiye aliyenielekeza niandike kwa nani.

Ukishamaliza la binti yako, nenda siku moja kwenye kikao cha bodi ya shule. Unajiandikisha, unapewa dakika chache, unasema. Kupiga kura lazima uwe raia, kusema si lazima. Usitaje jina la mtoto wa mtu, zungumzia basi na utaratibu. Wenzetu wa wilaya ya Houston yenyewe tangu Juni 2023 bodi waliyoichagua imewekwa pembeni na serikali ya jimbo, ikateuliwa nyingine. Wewe kama wilaya yako bado ina bodi ya kuchaguliwa, itumie. Waliojaa kwenye vile vikao tangu 2021 kulalamikia mafundisho ya ubaguzi walikuwa wazazi pia, na walisikilizwa kwa sababu walikwenda.

Kuhusu makaratasi, mwambie shemeji kwamba kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyoanzia hukohuko Texas na kuamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982, ilisema mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Kwenye barua yako usiandike neno lolote kuhusu vibali, halihusiani na basi. Shule ikikaa kimya kabisa, lipo lalamiko la ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu, ndani ya siku 180 tangu tukio. Ila ofisi yao ya Dallas ni mojawapo ya zile zilizofungwa 2025, kwa hiyo usitegemee majibu ya haraka. Anza na wilaya.

Leo mkishakula, kaa na binti akuelezee taratibu, wewe unaandika kwa Kiswahili chako. Halafu njoo PM, ujumbe wa faragha, tuipange kwa Kiingereza.