Kitambaa Kinachojikunja na Ndoana Inayotoka Tupu

Barua nne za safari hii zimetoka Kakamega, Kisumu na Nakuru. Zote zinahusu kazi za mikono na starehe za saa za mapumziko, na kila mwandishi ameeleza vizuri jinsi mambo yanavyomwendea kombo. Hilo limeturahisishia kazi.

Swali: Hamjambo wahariri. Ninafuma kwa krosheti kitambaa cha mviringo cha meza ya sebuleni kwa uzi wa pamba, nikifuata maelezo niliyoyapata kwenye intaneti. Kikifika upana wa sahani kinaanza kujikunja kama bakuli. Nimekifumua mara tatu. Jirani yangu naye anafuma chake, na cha kwake kinakunjamana ukingoni kama pindo la gauni. Tunakosea wapi? — Mama Wawili, Kakamega

Jibu: Hatujambo, mama. Sindano zenu hazina kosa, wala mikono yenu. Kosa liko kwenye hesabu ya kuongeza mishono, na nyote wawili mna kosa lilelile, ila kila mmoja ameliangukia upande wake.

Mviringo hulala bapa pale tu ukingo unapokua sawasawa na upana. Ukiongeza mzunguko mmoja, umbali kutoka katikati hadi ukingoni hukua kwa kimo cha mshono mmoja, na ukingo mzima hukua kwa kimo hicho mara 6.28. Mshono mfupi una kimo na upana unaokaribiana, kwa hiyo kila mzunguko unadai mishono 6 zaidi: 6, 12, 18, 24, 30. Mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka, kimo chake ni kama mara mbili ya upana wake. Huo unadai 12 zaidi: 12, 24, 36, 48, 60. Ukiongeza pungufu ya hapo, ukingo unabana na kitambaa kinainuka kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unakosa pa kukaa, ndipo unakunjamana kama cha jirani yako.

Sasa tazama maelezo yako yameandikwa wapi, maana hapa ndipo wengi hupotezwa. Waingereza na Wamarekani hutumia jina moja kwa mishono miwili tofauti. Dabo krosheti ya Mwingereza ni mshono mfupi. Huohuo Mmarekani huuita singo krosheti. Dabo krosheti ya Mmarekani ni mshono mrefu, ambao Mwingereza huuita trebo. Maelezo yakitaja singo krosheti mahali popote, karibu kila mara ni ya Kimarekani. Aliyejifunza kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza akiyafuata bila kujua, atafuma mishono mifupi pale panapotakiwa mirefu, na nyongeza ya 12 itamkunjamania. Anayefanya kinyume chake atapata bakuli.

Hesabu mishono mwisho wa kila mzunguko, usingoje mitatu ipite. Kwa mishono mirefu, vile vitanzi vitatu vya kuinukia vinahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Anayevisahau hupungukiwa na mmoja kila mara. Pale unapofungia mzunguko pia hudanganya macho: panaonekana kama mshono ilhali sipo pa kufumia. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza, nawe hutapotea.

Jambo dogo zaidi. Nyongeza zikipangwa moja juu ya nyingine mzunguko baada ya mzunguko, kitambaa kitatoa pembe. Kwenye kila mzunguko wa pili, anza kuongeza katikati ya nafasi ya zile za chini.

Kikiisha, kiloweshe, kitandaze juu ya godoro lililofunikwa taulo, kibane kwa pini pande zote kuanzia pande zinazotazamana, kisha kiache kikauke hapohapo. Ukitaka kisimame imara, chemsha nusu lita ya maji na kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwanza kwa maji baridi, hadi upoteze weupe na kung'aa, ukiloweshe humo badala ya maji matupu. Usitumie sukari ingawa inakausha vizuri, kwani sisimizi watahamia mezani. Uzi wa pamba unavumilia pasi ya moto. Uzi wa akriliki hauvumilii: ukipitishwa pasi ya moto hulegea, na haurudi tena. Tena nunua uzi wote kwa siku moja, ukihakikisha namba ya rangi kwenye karatasi za madonge yote ya uzi inafanana. Rangi ya jina moja iliyotiwa siku tofauti huonekana mstari mzima kitambaa kikishatandikwa.

Swali: Jumamosi ninavua kwa ndoana karibu na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Ninatumia ndoana za kuvulia mbuta (sangara) nilizopewa, na minyoo. Boya linacheza, navuta, ndoana inatoka tupu. Wenzangu wanapata ngege (sato) watano, sita. — Kijana wa Nyalenda, Kisumu

Jibu: Ndugu, unawalisha. Ngege ana mdomo mdogo na hula kwa kudonoa, hamezi kwa pupa kama mbuta. Chambo kinachoning'inia nje ya ndoana kubwa anakivuta kipande kwa kipande huku ncha ya chuma ikiwa mbali na mdomo wake.

Namba za ndoana zina pande mbili, na huchanganya watu dukani. Kuanzia 1 kwenda 2, 4, 8, 12, namba ikipanda ndoana inapungua. Zile zenye sufuri, yaani 1/0, 2/0, 4/0, zinakua kadiri namba inavyopanda. Za mbuta ni hizo za sufuri. Kwa ngege chukua namba 8 au 10. Mnyoo ukate kipande kinachofunika ndoana tu, au tumia donge la ugali mgumu lenye ukubwa wa harage, lililokandwa mpaka lisiachane majini.

Boya nalo huenda ni kubwa mno. Kipande cha povu kikubwa kinaelea kwa nguvu, na samaki akivuta anahisi kuna kitu kinambishia, anatema. Tumia kipande chembamba, kisha ongeza chubwi dogo la risasi sentimita 15 hivi juu ya ndoana, hadi boya libaki limechungulia sentimita moja tu. Pima kina kwanza ukiwa na chubwi peke yake, halafu rekebisha boya ili chambo kisimame sentimita 20 hadi 30 kutoka chini. Usivute boya likitikisika. Ngoja litembee upande au lizame, ndipo uinue ufito kwa mkupuo mfupi wa kifundo cha mkono. Ukinyanyua kwa bega zima utampasua mdomo.

Fundo: pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe mara 5 au 6 juu ya mshipi wenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kilichobaki karibu na tundu, halafu uipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale kwenye fundo, na hapo ndipo itakapokatika siku ya samaki mkubwa.

Utakayempata na mayai au vifaranga mdomoni ni jike anayelea, kwani ngege hulelea watoto mdomoni. Mrudishe ziwani.

Usiingie majini kunasua ndoana iliyoshikwa na gugu maji. Konokono wa kando ya ziwa hubeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Hutoka kwa wingi zaidi jua la mchana likiwa kali. Kata mshipi, funga ndoana nyingine. Viboko nao wako, hasa jioni, kwa hiyo kaa pale wanapokaa wavuvi wa siku zote. Tena jitambulishe kwa BMU, yaani kamati inayosimamia ufuo huo, uulize masharti ya uvuvi kabla hujaweka kigoda chako.

Swali: Nilimnunulia binti yangu wa miaka 11 darubini sokoni ili tutazame ndege. Imeandikwa 30x60. Tunaona giza, picha inatetemeka, na kichwa kinamuuma. Pia anauliza heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru wameenda wapi. — Baba yake, Nakuru

Jibu: Mzee, kwanza mpe hongera binti kwa swali lake. Tutalifikia.

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chukua rula upime kioo hicho. Kama ni milimita 21 au 22, basi ile 60 si kweli, na 30 nayo huenda si kweli. Ukuzaji unaupima hivi: shika darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe (kamwe si kwenye jua), na ndani ya kioo cha jicho utaona duara dogo la mwanga. Pima upana wa duara hilo. Gawa upana wa kioo cha mbele kwa upana wa duara. Kioo cha milimita 21 na duara la milimita 2.6 vinakupa ukuzaji wa 8.

Duara hilohilo ndilo mwanga wote unaofika jichoni, ndiyo maana mnaona giza alfajiri. Darubini ya 8x42 inatoa duara la zaidi kidogo ya milimita 5. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta, hata ikiwa iliyotumika. Ukuzaji wa kweli wa 30 haufai kwa mkono mtupu hata kidogo, kwani hukuza na mtetemo wa mkono mara 30.

Kuumwa kichwa kuna sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza inatibika. Fumba jicho la kulia, tazama waya wa umeme kwa la kushoto na uzungushe gurudumu la katikati hadi uonekane wazi. Kisha fumba la kushoto, na kwa la kulia zungusha pete ya kioo cha kulia pekee hadi waya uonekane wazi. Usiiguse tena pete hiyo. Kuanzia hapo ni gurudumu tu. Sukuma mirija miwili ikaribiane hadi ilingane na macho yake, maana macho ya mtoto yako karibu kuliko yako. Ikiwa baada ya hayo anaona waya mbili, vioo vya ndani vimekaa mshazari, na hiyo irudisheni dukani. Macho yatajitahidi kuunganisha picha mbili na kichwa kitaendelea kuuma.

Heroe sasa. Heroe mdogo, mwenye mdomo mwekundu uliokolea, hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yalipanda sana, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wakafuata chakula kwingine, hasa Bogoria. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na hula vijidudu vya matopeni, kwa hiyo anahitaji maji mafupi ya ukingoni. Hawana makao ya kudumu. Huhama kati ya maziwa ya Bonde la Ufa kadiri maji yanavyobadilika. Nakuru, Bogoria na Elmenteita yaliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na kwa ndege hao ni kama vyumba vya nyumba moja: ukivichunga kimoja kimoja hujawachunga.

Mpelekeni Elmenteita asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, kabla joto halijafanya picha icheze juu ya maji. Jua liwe mgongoni. Aandike tarehe, mahali, rangi ya mdomo na ya miguu kabla ya kutafuta jina kitabuni. Kuanzia Oktoba hadi Aprili ataona pia wageni wa Ulaya na Asia, na daftari lake litajaa upesi.

Swali: Nimebadilisha cheni ya baiskeli ya gia na bado inaruka nikipanda mlima kuelekea Menengai. Fundi amesema ninunue cheni nyingine. — Mwendesha baiskeli, Nakuru

Jibu: Usinunue. Cheni ya zamani ilivuta meno ya gia za nyuma yakachukua umbo lake, na cheni mpya haiyakai. Badilisha gia za nyuma. Mbeleni pima mapema: nafasi 24 za pini za cheni mpya, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, ni milimita 304.8. Ikizidi kwa milimita 1.5, badilisha cheni pekee. Ikifika 3, gia nazo zimekwisha.

Vumbi la Nakuru ni la majivu ya volkano, na linasaga chuma kama msasa. Oili chafu ya injini inalinasa, kwa hiyo iache. Osha cheni kwa mafuta taa, ikaushe kabisa, tia tone moja la oili nyepesi kwenye kila rola, zungusha pedali nyuma kwa dakika moja, kisha futa nje yote kwa kitambaa hadi ukiishika isikuchafue vidole.