Mama anadai nauli ya kurudi kwao: jibu la mama aliyekaa kwa mwanawe, kisha akarudi

Marahaba mwanangu. Umeeleza kwamba mama yako ana miaka 68, amefiwa na mume, umemtoa Korogwe ukamleta kwako Dar. Chumba chake kina feni na choo ndani, hapiki, hafui, na bado kila wiki anaulizia nauli. Dada yako anasema mama ana lake jambo, mkeo anaona amechukiwa. Unauliza mmemkosea nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko Tanga, Makorora. Mume wangu alipofariki, eda ilipokwisha tu watoto walikaa kikao, wakaamua niende kwa kijana wangu wa pili Kimara. Nilikaa, nikarudi. Kwa hiyo nakujibu kama huyo mama yako, siyo kama mshauri.

Kule Kimara hakuna aliyenivunjia heshima. Mkamwana wangu ni mtoto aliyelelewa akaleleka, hata leo akipata kitu kizuri ananitumia kwa basi. Lakini dada wa kazi alikuwa ameagizwa bibi asishike kitu. Nikishika ufagio, ananipokonya kwa adabu zote. Nikiingia jikoni, navutiwa kiti. Ananiuliza, "Bibi leo nikupikie nini?" Nasema mchicha wa nazi. Unapikwa wali na kuku, kwa sababu ratiba ya wiki ilishabandikwa kwenye friji. Likabaki swali moja tu ninaloulizwa na kusikilizwa jibu lake: mama umekula? Asubuhi umekula, mchana umekula, na kijana wangu akirudi saa tatu usiku amechoka na foleni ya Morogoro Road, mama umekula.

Mwanangu, mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani, na walimu hawakuwepo, basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba tu, tukawa tunajifunza ualimu huku tunafundisha. Nikiwa msichana ambaye hata kitenge hajajua kukifunga vizuri, nilikabidhiwa darasa la kwanza, wengine wamekaa chini, na wazazi wakaja kuniuliza mimi mtoto wao afanywe nini. Nimeulizwa mambo maisha yangu yote. Shuleni, nyumbani, msibani, kwenye ndoa za watu. Halafu ghafla naulizwa kama nimekula.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa mama yako. Siyo kwamba anazililia kazi ngumu za nyumba, na akipata wa kumsaidia kuchota maji atashukuru. Ila hana tena jambo hata moja ambalo bila yeye haliendi, wala uamuzi hata mmoja unaomsubiri. Nyumba ni ya mkeo, na ni haki yake. Jiko haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Mama amekuwa mgeni asiye na tarehe ya kuondoka. Wewe ungekaa hivyo nyumbani kwa mkweo muda gani?

Na mwili hufuata. Nilianza kulala mchana kwa kukosa cha kufanya, usiku macho makavu. Miguu ikavimba. Daktari aliponiuliza natembea kiasi gani kwa siku, nikahesabu: chumbani mpaka sebuleni. Nje ya geti kulikuwa na bodaboda na majirani wenye mageti yao, baraza la kukaa hakuna. Mtu unamjua kwa honi ya gari lake.

Sasa huku Tanga nafanya nini cha ajabu? Nauza vitumbua. Mchele naloweka mchana, baada ya isha nausaga na tui la nazi, natia iliki, sukari na hamira kidogo tu ili uumuke polepole usiku. Alfajiri nikimaliza kuswali nawasha mkaa, chuma kinakaa jikoni. Nisikudanganye, faida ni ndogo, mafuta na mkaa vinaimeza. Watoto wangu walipiga kelele sana, wakasema watu watadhani hatukutunzi. (Hili la "watu watasema" limewatesa wazee wengi kuliko baridi yabisi.) Nikawaambia nitumieni hizo hela mnazotaka kunizuia nazo, na vitumbua nitauza.

Ila tazama hesabu nyingine. Kufika saa kumi na mbili na nusu wameshapita kwangu wanafunzi, dereva wa bajaji, fundi baiskeli wa kona na mama mmoja anayekwenda soko la samaki Deep Sea. Nina daftari la wanaokopa, na naliandika kwa kalamu nyekundu kama zamani, wanaogopa. Siku nikichelewa kufungua mlango, kuna mtu atagonga, tena kwa hasira, kwa sababu ana njaa. Wewe unahofia mama yako akirudi Korogwe ataanguka ndani asijulikane. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kule Kimara, kijana na mkewe wakishaondoka saa kumi na moja alfajiri, dada wa kazi akamwacha bibi "apumzike", ningeweza kuanguka nikajulikana mchana. Wateja wa vitumbua ni ulinzi ambao huwezi kuulipia mshahara.

Alhamisi nina kikoba. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mmoja wao mimi. Bila mimi halifunguki. Unaelewa? Wanawake wa umri wa binti zangu wananisubiri nifike ndipo wakopeshane. Siku nilipokuwa na homa walinifuata na bajaji, na nilifurahi kuliko nilivyofurahia zile dawa.

Kuhusu hela. Mimi nilistaafu 2019 nikiwa na miaka 60, kikokotoo kipya cha mafao ya wastaafu kikiwa kimesimamishwa, nikawahi kulipwa nusu ya mafao yangu kwa mkupuo. Watumishi wenzangu waliotoka baada ya Julai 2022 walikutana na mkupuo wa asilimia 33, ikaja kupandishwa 40 mwaka 2024. Kwa vyovyote, pensheni yangu ya mwezi si nyingi, lakini ni yangu. Kama mama yako alikuwa mkulima na hana pensheni, basi usimpe hela "akiomba". Mtumie tarehe moja kila mwezi, hata kama ni elfu thelathini, bila kumuuliza kaifanyia nini. Akitaka kumpa mjukuu wake au kuchangia msiba, ampe kwa mkono wake. Mzee akiomba hela ya kuchangia msiba, ujue ameshaanza kujiona marehemu yeye.

Na umwambie habari ya matapeli wa simu, wanatutafuta sisi hasa. Kuna wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kuna anayejifanya mwalimu wa shule kwamba mjukuu ameanguka, na kuna wanaojifanya watu wa mfuko wa pensheni wanataka namba ya siri ili "wakuhakiki". Sisi nyumbani tumepatana: simu yoyote inayotaka hela haraka, nakata, nampigia mwanangu kwa namba ninayoijua. Akiwa ni yeye kweli, dakika mbili hazitamuua.

Sasa la kufanya. Kama atabaki kwako, mpe eneo lake lisiloingiliwa. Siku moja au mbili za wiki jiko liwe lake, na mle atakachopika, hata ikiwa kisamvu na dagaa. Awe na ufunguo wa geti wake mwenyewe. Mtafutieni kikundi cha karibu, cha kanisa au cha msikitini, na asipelekwe na gari kila mara. Aijue njia ya miguu. Dada wa kazi aambiwe upya, tena mbele ya mama. Na mkeo umtoe wasiwasi, hajachukiwa. Mama mkwe akikaa kimya chumbani mara nyingi anaogopa kuonekana anatawala nyumba ya mtu.

Kama atarudi, na mimi nadhani atarudi, pesa ulizotaka kununulia televisheni ya chumba chake anza nazo chooni. Vyoo vyetu vya uani vina sakafu inayoteleza na gizani hakuna taa. Hapo ndipo nyonga za wazee zinapovunjika. Sakafu ikwaruzwe, weka taa, weka bomba la chuma ukutani la kushika. Kisha presha, kama anayo. Akijisikia mzima ataacha vidonge, wengi tunafanya hivyo, wakati dawa ya presha inamezwa kila siku hata ukijisikia wa kucheza ngoma. Asiinuke kitandani kwa kasi, akae kwanza kitako kichwa kitulie. Jirani mmoja awe na namba yako, na umsalimie huyo jirani siku ambazo hakuna shida, maana anayepigiwa wakati wa shida tu huchoka upesi.

Wajukuu uwapeleke likizo ya Juni au Desemba, na uwaache bila wewe. Wangu wakija nawapa ungo wachambue mchele. Siku ya kwanza wanalia wanataka intaneti. Ya tatu wanagombea nani akae karibu na chuma cha vitumbua.

Jambo la mwisho ni hicho kikao ambacho dada yako anataka mkiitishe wikiendi hii. Msikiitishe. Mzee akikalishwa mbele ya watoto watano na wake zao, atasema "mnavyoona nyie, wanangu", mtaandika amekubali. Mpeleke wewe peke yako mahali, hata sokoni, umuulize mkiwa mnatembea. Akikujibu "mnavyoona nyie", ujue hajajibu. Nunueni nyanya, rudini nyumbani, umuulize tena kesho yake.