Shida ya The Texas Chainsaw Massacre: The Beginning si damu

Ndugu, umeuliza kama The Texas Chainsaw Massacre: The Beginning ni filamu nzuri ya kuanzia mfululizo huu wa kutisha wa muuaji mwenye msumeno wa injini, na kwa nini wengine wanaiita uchafu mtupu huku wengine wakiapa kwamba ndiyo kali kuliko zote za ukoo wake. Jibu langu: usianze nayo, lakini usiitupe. Nitaeleza kwa kirefu. Kazi yangu ni kuwawekea watu filamu kwenye flashi hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na hii ni moja ya zile ambazo mteja akishaitazama lazima arudi kuiongelea.

Tuelewane kwanza ni ipi. Ya kwanza kabisa ilitoka mwaka 1974, mwongozaji akiwa Tobe Hooper. Mwaka 2003 Marcus Nispel akaitengeneza upya, ikauza sana, na mwaka 2006 wakatoa hii ya kueleza chimbuko, chini ya Jonathan Liebesman, mzaliwa wa Johannesburg. Hadithi inarudi hadi 1969, miaka minne kabla ya matukio ya ile ya 2003. Eric na mdogo wake Dean wanakatiza Texas kwa gari pamoja na wapenzi wao. Eric ameshapigana Vietnam na anarudi huko tena. Dean ameitwa jeshini ila kwa siri anapanga kutorokea Mexico. Wanagonga ng'ombe barabarani, gari linapinduka, na anayefika kuwaokoa ni mtu wa familia ya Hewitt, familia inayoua watu na kuwala.

Wanaolalamikia damu hawasemi uongo, ni nyingi mno. Wakadiriaji wa filamu wa Marekani walitaka vipande vikatwe kabla haijaingia kumbini, kisha ikatoka DVD ambayo vipande hivyo vimerudishwa. Ndiyo maana mabishano mengine hayaishi: huyu ametazama iliyokatwa, yule ametazama nzima, na kila mmoja anamwona mwenzake mzushi. Ukisikia mtu anasema haikumtisha, muulize kwanza alitazama toleo lipi.

Sasa ilinganishe na ile ya 1974. Watu wengi wanaamini ile ni bwawa la damu, na Uingereza haikupewa cheti cha kuonyeshwa rasmi hadi 1999. Ukiitazama kwa makini, utashangaa damu ni kidogo sana. Msichana anapotundikwa kwenye ndoano ya nyama, hatuoni ndoano ikiingia mwilini. Anayeuawa kwa msumeno ni mmoja tu, Franklin, kijana wa kiti cha magurudumu. Wengine ni nyundo na ndoano. Hofu inaletwa na joto, mlio, na macho ya binti anayepiga kelele mpaka sauti inakauka. Hii ya 2006 haikuachii kitu cha kuwaza. Eric amefungwa juu ya meza, mpenzi wake Chrissie amejificha chini ya meza hiyo hiyo, na sisi tunaonyeshwa kila kitu. Binafsi naona kumweka Chrissie pale chini lilikuwa wazo zuri sana, na kamera ingebaki naye tu, tusikie anachosikia, tungekosa usingizi. Badala yake inapanda juu kutuonyesha ufundi wa vipodozi vya kutengeneza majeraha.

Fundi mmoja wa mbao, mteja wangu, alitoa hoja ambayo sijaiona kwenye mjadala huu. Yeye anashinda na pawasoo, yaani msumeno wa injini, mkononi. Alisema msumeno ule haumtishi kwa ukali wake. Kinachomtisha ni kwamba mwenye kuushika haonyeshi kuchoka, ilhali kifaa kile ni kizito, kinatikisa mikono na kinataka petroli. Kwa hiyo alipoona Thomas Hewitt, ambaye ndiye muuaji Leatherface mwenye kinyago cha ngozi ya uso wa mtu, anaukuta msumeno ndani ya kichinjio kilichofungwa na kuubeba tu akaondoka nao, alijua hapo filamu imeacha uhalisia. Mteja mwingine, anayefanya kazi ya kuchinja, alikasirika kabisa. Alisema kazi yake ni ya usafi na mpangilio, na amechoka kuona mchinjaji akigeuzwa mwendawazimu. Nakubaliana naye kwa moyo wote, ingawa ile ya kwanza ilikuwa na utu zaidi kwa watu hawa: mle kuna mazungumzo kuhusu mashine mpya ya kuulia ng'ombe iliyowaondoa kazini waliokuwa wakitumia nyundo.

Hapo ndipo nataka kukaa, kwa sababu ndipo palipo na uzito wa hii filamu na sioni watu wakipataja. Kabla ya damu yoyote ya maana, kichinjio kinafungwa kwa amri ya watu wa afya. Mji unakufa. Majirani wanafunga virago, wanaondoka. Familia ya Hewitt inakataa kuhama. Thomas hata haelewi kwamba kazi imekwisha. Anaendelea kukatakata nyama mpaka bosi anamfukuza kwa matusi, na bosi huyo ndiye anayekuwa wa kwanza kuuawa. Mimi nimekulia Webuye. Kiwanda cha karatasi kiliposimama mwaka 2009, niliona vyumba vya kupanga vikibaki vitupu na akina mama waliokuwa wakiwauzia wafanyakazi chakula wakikosa wa kumpakulia. Hakuna aliyegeuka mla watu, na sisemi njaa inahalalisha lolote. Lakini nilipoona zile barabara tupu na mzee anayeapa kwamba haondoki, nilijua mwandishi ameshika jambo la kweli. Laiti angelishikilia! Baada ya dakika chache linaachwa, wanaletwa vijana warembo, na mji ule hausikiki tena.

Kinachoiokoa filamu ni Hoyt, yule anayejiita sherifu. Huyu si sherifu hata kidogo. Ni Charlie Hewitt, anayemuua sherifu halisi aliyekuja kumkamata Thomas, akavaa sare yake, akachukua gari lake na hata jina lake. Anayemwigiza ni R. Lee Ermey, ambaye kabla ya uigizaji alikuwa kweli mkufunzi wa wanajeshi wa majini wa Marekani, na inaonekana. Hoyt anapokuta kadi ya Dean ya kuitwa jeshini iliyochomwa, Eric anadai ni yake ili kumlinda mdogo wake. Baadaye Dean anapigishwa pushapu huku akichapwa rungu. Hakuna msumeno pale, na ndipo nimeona watazamaji wangu wanaacha kutafuna. Hapa kwetu mtu akiona sare barabarani usiku, moyo unapiga kabla hajajua kama huyo ni askari wa kweli au la. Wale vijana waliliona gari la sherifu baada ya ajali wakadhani msaada umefika. Wateja wangu wengi hawamtaji Leatherface kabisa wakirudi dukani; wanamtaja yule mzee.

Kuhusu lawama ya kwamba haina matumaini, hiyo naikubali. Filamu ya chimbuko imefungwa mikono, maana ile ya 2003 inaikuta familia ikiwa salama na haijakamatwa, kwa hiyo hakuna wa kutoroka akaenda kushtaki. (Kama hujaitazama, ruka hadi aya inayofuata.) Chrissie anafika kwenye gari, anaondoka, na jitu lile kubwa linachomoza kiti cha nyuma. Kila mtu hapa dukani huuliza swali moja: liliingiaje humo bila yeye kuhisi? Hata mimi sina jibu, na naona ni dharau kwa mhusika aliyepambana kuliko wote. Vivyo hivyo yale majibu tusiyoyaomba, kama vile Monty, mzee wa familia ya Hewitt, alipoteza vipi miguu, au uso wa kwanza Thomas aliouvaa ulikuwa wa nani. Ile ya 1974 haikueleza hata moja kati ya hayo, na Gunnar Hansen, aliyemwigiza Leatherface mle, akiwa ndani ya kinyago alitosha kututisha.

Kwa hiyo anza na ya 1974. Kisha ya 2003, na uangalie picha zake vizuri: Daniel Pearl aliyeshika kamera kwenye ile ya 1974 ndiye aliyeishika na kwenye hiyo ya 2003. Halafu ndipo ya 2006, utambue kila kitu ambacho Hoyt anakijenga. Kama tumbo lako ni jepesi, chukua iliyoonyeshwa kumbini. Na tafadhali sana, ni ya watu wazima. Mimi siiwashi kwenye televisheni ya dukani mchana, watoto wa shule wakiwa wanapita, hata mteja akinisihi nimwonyeshe dakika mbili tu.

Ile ya 2017 iitwayo Leatherface nayo inadai kueleza chimbuko, lakini inafuata ile ya 1974 na familia yake ni nyingine, Sawyer, kwa hiyo usijaribu kuiunganisha na hii.