Kabla hamjaanza kujenga mfumo, fuata faili moja tangu linapofunguliwa

Ndugu yangu, umeuliza utumie programu gani kuchora michakato ya kampuni yenu ya uwakala wa forodha hapo Kampala, kwa kuwa mkurugenzi anataka michoro ndani ya wiki mbili ili mfumo mpya uanze kujengwa. Kazi hiyo hiyo niliifanya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na mara ya kwanza niliikosea vibaya. Naomba nikueleze ilivyokuwa.

Programu iache kwanza. Mimi nilianza na wakuu wa idara. Kila mmoja akanieleza idara yake, nami nikachora: mteja analeta nyaraka, karani anazikagua, faili linafunguliwa, tamko la forodha linaingizwa kwenye ASYCUDA, yaani mfumo wa kompyuta wa forodha, kodi inalipwa, lori linaachiwa. Wakuu wakaupenda mchoro, wakausaini, na vijana wa programu wakajenga kama ulivyo. Mfumo ukawa haufungui faili mpaka nyaraka zote ziwepo, maana ndivyo wakuu walivyosema.

Mwezi wa pili nikaona kwenye ripoti kwamba hati nyingi za shehena zina namba moja: 0000. Nikamwendea karani wa mapokezi, mama aliyekalia dawati lile miaka mingi. Akavuta droo, akatoa daftari la kaunta lenye jalada jeusi. Ndani kulikuwa na jina la mteja, namba ya kontena, na alama ya kalamu nyekundu kwa kila karatasi iliyofika. "Mwanangu," akaniambia, "karatasi haziji pamoja hata siku moja. Ankara inakuja leo kwa WhatsApp, orodha ya mizigo wiki ijayo, hati ya shehena meli ikishakaribia. Nikingoja zote, mteja atahama." Basi alikuwa anaandika 0000 ili mfumo umpishe, kisha anaendelea na daftari lake. Kazi halisi ya kampuni ilikuwa ndani ya droo ile, na mimi kwa wiki zote zile sikuwahi kumuuliza.

Nikaomba ruhusa, nikaanza upya. Safari hii nilifuata faili moja, tangu mteja alipopiga simu hadi alipolipa ankara yetu. Kila lilipofika nikaandika saa liliposhikwa na saa lilipoachwa. Kazi yenyewe haikuzidi saa chache. Siku zilizobaki lilikuwa limelala, hasa kwenye meza ya mhasibu, likingoja saini ya pili ya mkubwa aliyekuwa safarini. Ucheleweshaji wa namna hiyo hakuna kompyuta inayouponya. Saini ile iliondolewa kwenye malipo madogo kwa barua ya ukurasa mmoja, kabla programu haijaguswa.

Tazama na mpaka wenyewe. Zamani lori lilisimama upande wa Kenya, likasimama tena upande wetu. Sasa, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa upande lori linakoingia, basi linasimama mara moja. Na tangu eneo moja la forodha la Afrika Mashariki lilipoanza mwaka 2014, tamko na kodi ya mzigo wa Uganda hushughulikiwa mzigo ungali Mombasa. Mpangilio mzima wa kazi ulibadilika, lakini kwetu kijana mmoja alikuwa bado anatoa nakala kwa ajili ya kituo ambacho lori halisimami tena. Hakuna aliyemwambia aache. Ukichora, kila hatua uliza inamfaa nani leo.

Halafu kuna hofu, na hili nakusihi usilipuuze. Watu wakikuona na kalamu wanadhani unahesabu nani apunguzwe, na mtu mwenye hofu atakueleza kanuni za ofisi tu. Mwombe mkurugenzi aseme mbele ya wote kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya kilichoonekana kwenye mchoro. Sisi tulibandika karatasi kubwa ukutani. Mama yule akasimama kimya kwa muda, akachukua kalamu, akakata mshale wangu mmoja na kuchora mitatu inayorudi nyuma. Mishale hiyo mitatu ndiyo msingi wa mfumo wa sasa: faili linafunguka na karatasi moja, na zinazokosekana zinaonekana kwa rangi nyekundu, kama kwenye daftari lake.

Kuhusu alama za mchoro, BPMN 2.0 ya mwaka 2011, yaani lugha ya alama za kuchora michakato, ambayo ISO, shirika la kimataifa la viwango, waliipitisha kuwa kiwango mwaka 2013, ina alama nyingi kuliko unazohitaji. Duara la kuanzia na la kumalizia, kisanduku cha kazi, almasi ya uamuzi, na safu kwa kila mhusika: zinatosha. Kwenye kila almasi uliza, "Jibu likiwa hapana, mnafanyaje?" 0000 zetu zilizaliwa hapo. Na programu uliyouliza: Draw.io ni bure, itakufaa.

Wiki mbili zinawezekana kwa mchakato mmoja tu, na mkurugenzi aambiwe hivyo leo. Wiki ya kwanza usimpe mchoro wowote. Fuata mafaili matatu: moja lililopita vizuri, moja la mteja msumbufu, na moja lililokwama. Lililokwama lipe siku nyingi zaidi.