Maswali ya wasomaji: Begi la mtu ambaye hayupo lina shida gani?

SWALI: Habari zenu ndugu wa gazeti. Mimi ni mtu wa Arua, niko kyeyo, yaani kazi za nje, huko Dubai. Juzi hapo Entebbe tumeshapanda ndege tumefunga na mikanda, tunaambiwa abiria mmoja haonekani na begi lake liko chini kwa mizigo, eti lazima litafutwe lishushwe. Tulikaa weee, joto, watoto wanalia, wengine wana ndege ya kuunganisha mbele. Si tungeenda tu yeye alifuate baadaye? – Dada wa Arua

JIBU: Pole sana dadangu, kukaa kwa ndege imesimama na mtoto analia pembeni si mchezo. Lakini wale watu walifanya kazi yao, na mimi ningekuwa humo ningetaka walitafute hilo begi hata ikichukua mpaka usiku.

Juni 1985 kule Vancouver, Kanada, mtu mmoja alikuja na sutikesi akabishana na mhudumu wa kaunta mpaka ikakubaliwa iende moja kwa moja kwa ndege ya Air India, na yeye mwenyewe tiketi ya hiyo ndege ilikuwa haijathibitishwa. Begi likaenda, mwenyewe hakupanda. Toronto mashine ya kupiga mizigo picha ilikuwa imeharibika siku hiyo. Tarehe 23 ndege ikalipukia juu ya bahari karibu na Ireland, watu 329 wakaisha wote. Na siku hiyo hiyo begi lingine la mtu ambaye hakusafiri likalipuka uwanja wa Narita, Japani, likaua vijana wawili wapakia mizigo, watu wako kazini tu.

Ikaja Desemba 1988, ndege ya Marekani Pan Am 103, bomu ndani ya redio kaseti, redio ndani ya sutikesi, na mahakama ilikubali kwamba ile sutikesi ilisafiri bila mwenyewe. Wakafa 270, na 11 kati yao walikuwa chini pale Lockerbie, mji wa Scotland, wako majumbani kwao.

Sasa ukiona kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa ndege, zinataka begi la ambaye hajapanda lishushwe, au lisiende bila ukaguzi wake, ujue zimeandikwa kwa damu hiyo. Na tusidhani ni mambo ya Wazungu, sababu Septemba 1989 ndege ya UTA, shirika la Ufaransa, ilitoka Brazzaville ikapita N'Djamena inaenda Paris, bomu lilikuwa kwenye sutikesi kwa mizigo, ikapasukia juu ya jangwa la Niger, watu 170. Familia zao mwaka 2007 walienda huko huko jangwani wakapanga mawe meusi umbo la ile ndege, ukubwa wake kamili, na kuzunguka wakaweka vioo 170 vilivyovunjwa, kila mtu kioo chake. Lockerbie kila mtu anaijua, hii ya kwetu Afrika watu hawaitaji kabisa, na inaniuma.

SWALI: Na bomu likilipuka huko juu, hakuna anayepona? – Kijana wa Jinja

JIBU: Wanapona saa zingine kijana wangu, inategemea liko wapi na ndege imefika juu kiasi gani. Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani inasukuma ukuta kwa nguvu sana kuelekea nje, tundu dogo linaweza kupasuka likawa kubwa. Februari 2016 ndege ya Daallo ilitoka Mogadishu kwenda Djibouti, bomu la laptop likalipuka kabla haijafika juu sana, ukuta ukatoboka karibu na bawa, mwenye bomu akavutwa nje kwa lile tundu akafa, na rubani akairudisha Mogadishu. Wengine wote walirudi hai.

Ila kitu cha kuangalia hapo ni kamera za uwanja, zilionyesha ile laptop akipewa na watu wanaofanya kazi pale pale, ameshapita ukaguzi. Sisi tunavuliwa viatu na mikanda, sawa, tuvumilie, lakini anayebeba mizigo, anayeleta chakula, anayefagia ndege, nao wakaguliwe kila wanapoingia, kila siku, hata kama askari wa mlangoni anamjua kwa jina. Na wewe ukishapita mashine, usipokee kitu cha mtu, hata akikuambia ni dawa ya mama yake.