Mteja Akiudhika, Anahamia Wapi? Kwa Wanaoanza Kazi ya Sheria ya Ushindani

Andiko langu la kwanza kuhusu matumizi mabaya ya nguvu ya soko lilikuwa na kurasa kumi na moja za kueleza ubaya wa mwenendo wa kampuni tuliyokuwa tukiichunguza, na aya moja tu kuhusu soko lenyewe. Mkuu wangu alilirudisha siku hiyohiyo, akiwa ameandika pembeni swali moja: mteja akiudhika, anahamia wapi? Nililazimika kuanza upya, na tangu hapo nimewaona vijana wengi wakipita njia ileile, hasa jalada linapohusu kampuni ya teknolojia ambayo kila mtu anaitumia na kila mtu ana maoni juu yake.

Ukubwa peke yake si kosa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, kama ilivyotungwa mwaka 2003, ilitaka mambo mawili yathibitishwe kwa pamoja kabla ya kampuni kuhesabiwa kuwa inahodhi soko: kwamba sehemu yake ya soko husika, yaani bidhaa au huduma ambazo mteja anaweza kuhamia kutoka moja hadi nyingine, imezidi asilimia 35, na kwamba peke yake inaweza kupunguza ushindani kwa kiwango kikubwa, kwa muda mrefu, na bado ikapata faida. Wanaoanza huthibitisha la kwanza na kulisahau la pili. Hata yote mawili yakithibitika, hujafika bado kwenye kosa, kwa sababu kinachokatazwa ni kuitumia nafasi hiyo kuzuia au kupotosha ushindani, wala si kuwa nayo.

Kazi ngumu zaidi ni kuainisha soko husika. Kipimo tulichozoea ni kuuliza kama muuzaji pekee wa bidhaa fulani angeweza kupandisha bei kwa asilimia 5 hadi 10 bila kukimbiwa na wateja kiasi cha kupata hasara. Kwa saruji kipimo hicho kinafaa. Kwa huduma ya kutafuta habari katika intaneti, ambayo mtumiaji hailipii hata senti, kinakwama, kwa kuwa asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Hapo hamieni kwenye ubora: je, kampuni inaweza kuishusha huduma yake na watu wakabaki? Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyofunguliwa Oktoba 2020 na kuamuliwa na Jaji Amit Mehta tarehe 5 Agosti 2024, uchunguzi uliofanywa na kampuni yenyewe mwaka 2020 ulionyesha kwamba isingepoteza mapato ya utafutaji hata kama ubora ungeshuka sana. Karatasi ya ndani ya namna hiyo ina uzito kuliko hotuba yoyote ya wakili, nami nawasihi mwombe nyaraka za ndani mapema, kabla hamjajenga hoja zenu.

Kisha someni mikataba. Kesi hiyo haikusimama juu ya madai kwamba huduma ya Google ni mbovu. Jaji alikiri kuwa ni bora kuliko za washindani wake. Ilisimama juu ya mikataba ya kuifanya iwe mtambo wa kutafutia ambao mtumiaji anaukuta umekwisha kuwekwa anapofungua simu au kivinjari, mikataba ambayo mwaka 2021 pekee iliigharimu kampuni dola bilioni 26.3. Mtu atasema kwamba mtumiaji anaweza kubadilisha wakati wowote. Ni kweli anaweza, lakini wengi hawabadilishi: katika kivinjari cha Edge cha Microsoft, ambacho huja na Bing, mtambo wa kutafutia wa kampuni hiyohiyo, takriban asilimia 80 ya utafutaji hufanyika kwa Bing, ilhali Google ilikuwa na karibu asilimia 90 ya soko zima la Marekani. Mkishindwa kuieleza tabia hii ya watumiaji kwa takwimu, hoja yenu ya madhara itabaki hewani.

Kwa takwimu, mfano mzuri ni uamuzi wa Tume ya Ulaya wa tarehe 27 Juni 2017 kuhusu huduma ya Google ya kulinganisha bei, ambayo Google iliipendelea katika matokeo ya utafutaji dhidi ya zile za washindani. Wachunguzi walipitia takriban maswali bilioni 1.7 ya utafutaji, wakaonyesha kwamba ukurasa wa kwanza huvuta karibu asilimia 95 ya mibofyo, huku hata washindani waliopangwa juu zaidi wakitokea, kwa wastani, katika ukurasa wa nne. Faini ilikuwa euro bilioni 2.42. Uchunguzi rasmi ulianza mwaka 2010, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaufunga mjadala Septemba 2024. Miaka 14 ni mingi. Andikeni kumbukumbu za jalada mkijua kwamba huenda atakayelimaliza ni mtu ambaye leo bado yuko shule.

Mwisho, amueni mapema mtaomba nafuu gani, yaani mtataka kampuni iamriwe kufanya nini, kwa sababu nafuu hiyo ndiyo itakayowaonyesha ushahidi wa kutafuta. Faini huvuta macho ya watu, lakini mara nyingi kinachofungua soko ni sharti dogo. Huko Kenya, mawakala wa M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, walikuwa wamefungwa na mikataba iliyowakataza kuhudumia mitandao mingine, kwa hiyo mshindani aliyetaka kuingia alihitaji kujenga upya mtandao mzima wa vibanda uliokwisha kujengwa kwa miaka. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai 2014 Safaricom ikaliondoa sharti hilo. Wakala akawa huru kuhudumia wateja wa mitandao mbalimbali katika dirisha lilelile.