Fundi Anajibu: VRAM 128MB, nitacheza RPG za Kijapani au nisahau?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo chuo Dodoma, natumia HP EliteBook 840 G2, i5, RAM 8, SSD 256. Nimenogewa na hizi RPG za Kijapani (zile gemu za stori ndefu unazokuza wahusika) tangu nimuone jamaa hosteli anacheza Final Fantasy VII Remake. Nikicheki mashine yangu imeandika VRAM, yaani memori ya grafiksi, 128MB tu. Jamaa kanielekeza niingie regedit, kule kwenye mipangilio ya ndani ya Windows, nipandishe mpaka 512, halafu kanitumia linki ya Telegram ya hiyo gemu ikiwa imeshakrakiwa (imevunjwa kufuli ichezeke bila kununuliwa), maelezo yanasema nizime antivairasi kwanza ndio niinstoli. Je itakubali? Na kama haitakubali nishauri gemu gani nyingine.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haitakubali. Gemu za kukupa ninazo, nitazitaja, ila kwanza niache nimalizane na hiyo regedit maana haipiti wiki haijaingia mashine hapa mezani ambayo mwenyewe kaifanyia hayo mambo kisha anakuja ananiambia fundi nimeongeza VRAM lakini bado inasitasita.

Grafiksi ya mashine yako ni Intel HD 5500, haina memori yake yenyewe, inakopa kwenye RAM kadiri inavyohitaji, na Windows inairuhusu kukopa mpaka karibu nusu ya RAM yote. Fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza GPU, pale chini utakuta Shared GPU memory inakaribia GB 4. Umeona? Hiyo memori unayo tangu siku umeinunua mashine. Ile 128 ni kasehemu kadogo ambako drayva inakataja kuwa ndio kake peke yake, sio kikomo. Sasa wewe ukienda kule ukatengeneza folda ya GMM, ukaweka DedicatedSegmentSize, ukaandika 512, unachobadilisha ni jibu ambalo gemu inapewa ikiuliza una ngapi. Basi, hakuna kingine. Dumu la lita 5 ukiliandika lita 20 kwa maka peni ukalipeleka bombani, litajaa kwa lita 5.

Zipo gemu chache ambazo zikiona namba ndogo zinagoma kuwaka kabisa, hizo ukizidanganya zinawaka, na hapo ndipo huu uongo ulipootea miguu. Mtu mmoja gemu yake ikawaka akarekodi video, wengine wakachukua video wakarusha na muziki juu, na leo kila kijana mwenye laptop ya ofisini anajua regedit kuliko anavyojua mashine yake imebeba nini ndani.

Tatizo lako halisi ni mwendo. Kijiti kimoja cha RAM ya aina yako, DDR3L ya 1600, kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Hiyo Final Fantasy VII Remake iliyokuja kwenye kompyuta Desemba 2021 inataka angalau kadi ya grafiksi kama GTX 780, na memori ya GTX 780 inapitisha GB 288 kwa sekunde. Nambie regedit gani itaziba hilo pengo. Na hapo sijagusa GB 100 za diski inazotaka, SSD yako ni 256 ina Windows, ina assignment, ina muvi, utaiweka wapi? Muendelezo wake, Rebirth, ndio usiseme, huo unataka GB 155.

Kama una hela kidogo ya kuitumia kwenye hiyo mashine, kuna jambo moja la maana. Zima mashine kabisa, fungua mfuniko wa chini, utaona nafasi mbili za RAM. Hizi laptop za used zinazotoka nje nyingi zinakuja na kijiti kimoja cha 8 na nafasi ya pili iko tupu inakula vumbi. Ukikuta hivyo, tafuta kijiti cha pili, hakikisha stika yake imeandikwa PC3L-12800 (hiyo L ni ya muhimu, DDR3 ya kawaida isiyo na L usichukue hata muuzaji akuapie), kichomeke hapo. Prosesa itasoma vijiti vyote viwili kwa pamoja, 12.8 inakuwa 25.6, na kwa grafiksi inayokopa RAM kama yako hilo utaliona kwa macho kwenye gemu nyingi. Kama tayari una vijiti viwili vya 4, basi uko sawa, funga mfuniko nenda kacheze.

Haya, gemu. Anza na Trails in the Sky ya kampuni ya Falcom. Hii ilitoka Japani mwaka 2004 na ilitoka kwenye kompyuta kwanza, maana yake ilitengenezwa kwa mashine ambazo leo zingekuwa jalalani, yako itaikimbiza bila hata feni kupiga kelele. Ya Kiingereza ikaja Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, 2014. Binti anaitwa Estelle, ana ndugu wa kulelewa naye anaitwa Joshua, wanazunguka nchi nzima kufanya kazi za chama chao, na mwanzo ni wa polepole hasa, usije ukaniambia inachosha umecheza nusu saa. Ongea na watu. Kila stori ikisogea kidogo wanakijiji wote wanabadilisha maneno yao, muuza mkate wa asubuhi sio wa jioni. Ukishafungua kasha la hazina ukarudi kulibonyeza tena likiwa tupu, kasha lenyewe linakujibu shombo. Na ina kitufe cha kuharakisha mambo, kwa mapigano ya kurudiarudia kinasaidia sana. Angalizo tu, 2025 walitoa upya hiyohiyo ikiwa ya 3D inaitwa Trails in the Sky 1st Chapter, hiyo sio yako, tazama vizuri picha kabla hujalipa.

Kama moyo wako uko kwa Final Fantasy basi chukua za zamani, zile sita za mwanzo walizisafisha wakaziita Pixel Remaster kati ya 2021 na 2022, ya sita ndio tamu kuliko zote na sitaki ubishi hapa. Au Final Fantasy IX, ni ya mwaka 2000, ipo Steam tangu 2016. Chrono Trigger nayo, ya 1995, michoro ya wahusika kachora Akira Toriyama yule wa Dragon Ball. Ilivyoingia kwenye kompyuta 2018 ilikuja mbovu watu wakalalamika, baadaye wakairekebisha, sasa hivi inachezeka vizuri.

Ukitaka kitu cha karibu zaidi na hizi za kisasa, Persona 4 Golden. Kwenye mahitaji yake ya chini kabisa wameandika Core 2 Duo na RAM 2, kwa hiyo prosesa na RAM una zaidi ya wanachotaka, kwenye grafiksi ndio utajibana kidogo, shusha resolusheni iwe 720 na ile rendering scale uipunguze, utaenda nayo. Ni wanafunzi wa sekondari kwenye mji mdogo wa Inaba, mchana shule jioni kutafuta muuaji, ni ndefu mno, usiianze wiki ya mitihani. Persona 5 Royal iache kwanza, hiyo subiri mashine nyingine.

Na usidanganywe na macho. Vijana wengi wanaona gemu ina vibokisiboksi kama za zamani wanasema hii nyepesi. Octopath Traveler ina sura hiyo lakini chini yake ni Unreal Engine 4, injini ya gemu kubwa za kisasa, na mataa na ukungu wa kila aina, itakutoa jasho wewe na mashine. Wakati Undertale, ambayo haikutoka Japani ila imefuata nyayo zilezile, haifiki hata GB 1. Ndugu yake Deltarune chapta mbili za kwanza ni bure, bure kweli ya halali, kwa hiyo kama hela hakuna anzia hapo leo usiku.

Kuhusu hela sasa. Najua utasema fundi gemu ya dola nitaitoa wapi. Hizi za zamani nilizokutajia zinashuka bei sana ile misimu ya punguzo, wewe weka kwenye wishlist Steam watakutumia imeili. Kulipa siku hizi kadi ya Visa unaitengeneza kwenye simu, huhitaji kwenda benki. Halafu Steam ukinunua gemu ikakataa kwenye mashine yako unarudisha unapewa hela yako, mradi hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa mtu mwenye mashine ya kubahatisha kama yako hiyo ni bima tosha. Hiyo linki ya Telegram ikikataa utamrudishia nani?

Na hapo kwenye linki ndipo ninapotaka unisikilize, wewe na wengine wote wanaosoma. Mtu anayekwambia zima antivairasi kabla ya kuinstoli tayari ameshakuambia nia yake. Najua hoja yenu, kwamba antivairasi inakamata kila kreki hata ambayo haina kitu. Sawa, wakati mwingine ni kweli. Sasa utatofautishaje ambayo haina kitu na ambayo ina kitu, wakati mlinzi umemfukuza mwenyewe? Siku ya mwisho ya 2024 watu walisambaza gemu zilizokrakiwa zikiwa na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali ndani yake, Kaspersky wakaifuatilia wakaipa jina StaryDobry. Gemu inawaka vizuri, unacheza, huku prosesa yako inamtafutia mtu mwingine hela. Na wajanja wale, ikiona umefungua Task Manager inajizima. Ndio maana nikiletewa laptop inayounguruma ikiwa haina kazi, na ukifungua Task Manager tu inatulia kimya, siendi kusafisha feni kwanza.

Wachimbaji hao ndio afadhali, wanakula umeme tu. Wabaya ni hawa wezi wa taarifa kama Lumma. Microsoft walihesabu kompyuta zaidi ya 394,000 zilizoathirika na Lumma ndani ya miezi miwili tu, kati ya Machi na Mei 2025. Yenyewe haikai kukusumbua, inaingia, inakomba nywila zote ulizoseva kwenye brauza, inakomba na kuki (vile vifaili vya brauza vinavyokumbuka kuwa umeshaingia), inaondoka. Kuki ndio zinazomfanya mwizi aingie kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila wala ile namba ya simu. Halafu mtu anakuja analia Instagram yake inauza bitcoin, nikimuuliza uliinstoli nini karibuni anasema hapana fundi, gemu tu. Gemu tu! Na hao wa game booster, RAM cleaner, programu ya kuongeza FPS (idadi ya picha kwa sekunde), ni kundi hilohilo la watu, isiyokuibia itakujazia matangazo, na hakuna hata moja itakayoongeza nguvu ambayo kiwanda hakikuiweka.

Kwa hiyo kama hiyo faili hujaifungua, ifute. Kama ulishaifungua na antivairasi ilikuwa imezimwa, usianze kubadilisha nywila kwenye laptop hiyohiyo, chukua simu, badilisha ya imeili kwanza, kisha nyingine, na kila akaunti ubonyeze ile ya kutoka (log out) kwenye vifaa vyote maana bila hivyo zile kuki zilizoibiwa zinaweza kuendelea kufanya kazi. Halafu piga Windows mpya kwa flashi uliyoitengeneza kwenye kompyuta nyingine. Assignment na picha hamisha, ila faili yoyote yenye .exe mwishoni iache huko huko, hata kama ni gemu uliyoisubiri idaunlodike usiku kucha kwa bando la chuo.